Yangeyange wa Hombolo: nihesabu vipi makinda?

MgogoWaBwawani: Wadau, nafunga orodha ya ndege ya mwaka. Yangeyange wametaga kwenye migunga ya bwawa la Hombolo, Dodoma. Nikiona mayai, niandike wamefanikiwa?

Darubini_Dom: Hapana mkuu, mayai si mafanikio. Huatamia siku 24 hivi, na kinda huruka akikaribia siku 30. Hesabu walioruka tu. Pita kila wiki, asubuhi, ukae mbali. Ukisogea mchana wazazi watatoka, makinda yaungue jua na kunguru abebe mayai.

Kongwa_Birdi: Naongezea: mkubwa wa msimu wa kutaga ana rangi ya kahawia hafifu kichwani, kifuani na mgongoni. Kinda aliyeruka karibuni ana mdomo mweusi, baadaye hugeuka njano kama wa mkubwa, kwa hiyo usichelewe usije ukawachanganya. Vinyesi vyeupe chini? Havithibitishi kitu, huenda wanalala tu hapo.