Kanada, Uingereza au tusubiri Sauzi? Mume wangu alipitiliza muda

Bi_Chikongola
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Mtwara mjini, nesi, mwaka wa tisa kazini. Mume wangu aliingia Sauzi 2019 kwa muhuri wa siku 90, akakaa mpaka Desemba 2022. Siku anarudi, uwanja wa ndege wakampa karatasi: hatakiwi nchini kwao miaka 5. Anayo mpaka leo, kaikunja mara nne kwenye bahasha ya risiti za korosho, hataki hata kuiona.

Sasa tunataka kuondoka wote. Tunapima mambo matatu: tuombe Kanada wawili, niende Uingereza kwa unesi naye awe tegemezi wangu, au tusubiri Desemba 2027 turudi Sauzi alikokuzoea. Kuna kishoka wa Dar anataka milioni tatu, eti mume atapata pasipoti nyingine, jina la babu litangulie, mambo yaishe. Mnaonaje?

Nahodha_wa_Kilwa
Dada, avuke zake mpakani Kilambo, ashuke na Msumbiji mdogo mdogo mpaka Maputo. Mbona vijana wanapita 😀

Mzee_Mikindani
Nahodha, utani huo wapelekee wanao. Akikamatwa Sauzi bila muhuri ndani ya hiyo miaka 5, amejiongezea kesi. Bi Chikongola, marahaba mwanangu. Mumeo alikata rufaa? Ukipewa karatasi ile una siku 10 za kazi za kujieleza kwa maandishi.

Bi_Chikongola
Hakukata, mzee. Alidhani ni risiti ya faini.

Makonde_Thelujini
Niko Kanada mwaka wa sita. Dada, kosa la Sauzi ni la Sauzi, Kanada hawamfungii mtu kwa sababu tu Pretoria wamemfungia. Ila fomu inauliza waziwazi: umewahi kunyimwa visa, kuzuiwa kuingia au kuamriwa kuondoka nchi yoyote? Aandike NDIYO, aeleze kwa mistari mitano. Akidanganya wakamgundua, ni miaka 5 ya kufungiwa Kanada. Tena hana pa kujificha, maana kwenye ukaazi wa kudumu wanadai cheti cha polisi cha kila nchi uliyokaa miezi 6 mfululizo ndani ya miaka 10. Miaka yake mitatu ya Sauzi ataiweka wapi?

Kingine ambacho vishoka hawasemi: Kanada mwenzi lazima atajwe na achunguzwe hata kama hasafiri. Akikutwa na la kumzuia, na wewe umezuiwa. Ukimficha, baadaye ukitaka kumwita, kanuni zao zinamtoa kwenye hesabu ya familia yako. Nimepanga nyumba moja na jamaa aliyejaza kwamba hana mke. Mwaka wa nne huu mke anamwona kwenye simu tu.

Wa_Leicester
Mimi yalinikuta Uingereza kwenyewe. Nilipitiliza, nikajikatia tiketi kwa hela yangu, nikafungiwa miezi 12. Wenzangu waliorudishwa kwa tiketi ya serikali walikula miaka 2, wengine 5. Aliyetumia karatasi za uongo, 10. Shemeji jedwali hilo halimgusi, hajavunja sheria ya Uingereza. Litamgusa siku atakapodanganya kwenye fomu.

Halafu hapa wengi wanachanganya. Nesi anaruhusiwa kuja na mume. Mtunza wazee haruhusiwi kuleta tegemezi tangu 11 Machi 2024. Kishoka akikwambia "ingia kwanza kama mtunza wazee", mfungie simu.

Na pasipoti mpya? Jina la babu litatangulia, vidole ni vilevile. Kanada, Uingereza, Marekani, Australia na New Zealand wanapeana taarifa za alama za vidole.

Korosho_Ghafi
Marekani umefanya vizuri kuiacha. Kaka yangu alizidisha zaidi ya mwaka kule, alivyotoka tu ikaanza miaka 10. Ukizidisha siku 180 bila kufika mwaka ni 3.

Bi_Chikongola
Kwa hiyo mimi na yeye tukisimama sawa, Kanada na Uingereza tofauti ni ipi hasa?

Makonde_Thelujini
Kanada mnapimwa chungu kimoja. Uingereza, ombi la mume linaamuliwa lake; anaweza kukataliwa yeye na wewe ukapita. Mimi japo niko huku ningekushauri Uingereza, mradi mkubaliane mapema yeye akikwama unakwenda au unabaki. Hilo mliongee nyumbani, si kaunta ya visa Dar.

Mzee_Mikindani
Sauzi msiitupe. 2027 si mbali, na kule anajua mitaa. Lakini nesi mzima ukakae kusubiri kwa ajili ya kibanda cha simu Durban? Mimi ningesema hapana. Cheti cha ndoa mnacho?

Bi_Chikongola
Cha Bakwata.

Mzee_Mikindani
Hakikisheni ndoa imesajiliwa na serikalini, RITA. Na barua ya maelezo asiandike kwa kumbukumbu. Afungue pasipoti ya zamani, tarehe ziendane na mihuri.

Bi_Chikongola
Iko kwa mama mkwe, Newala. Ataifuata Jumamosi akitoka mnadani.