Tupeane uzoefu: mliokutana uso kwa uso na waliowatia kichaa cha matanga

Mshika Demani
Wakuu, nimeona picha ya Suhaili, ile boti ya futi 32 ya Robin Knox-Johnston, ikanikumbusha mbali. Mwaka 1968 walitoka watu tisa kuizunguka dunia, kila mmoja peke yake, bila kutia nanga popote. Akamaliza yeye tu, siku 312, Aprili 1969. Nilimkuta kwenye maonyesho ya boti. Nilijiandalia swali zito la Cape Horn, ile rasi ya ncha ya kusini ya Amerika, lakini foleni iliponifikisha mbele yake likayeyuka, nikajikuta namuuliza habari za usukani wa upepo, ule unaoiongoza boti wenyewe, uliomvunjikia njiani. Mke wangu nyuma anacheka. Boti tukanunua mwaka uleule. Nyie mlikutana na nani?

Mama Nanga
Lin Pardey, kwenye mhadhara. Yeye na marehemu mumewe Larry waliiunda Seraffyn kwa mikono yao, futi 24 na ushee, haina injini, wakazunguka nayo dunia. Nilitegemea jitu la mama, akapanda jukwaani mama mfupi, nampita kichwa kizima. Nikasema basi, visingizio vimeniishia.

Baharia Mkavu
Kabisa dada. Visingizio viliisha na huku.

Kusi Kali
Hizo za bila injini mnawadanganya vijana. Ingieni bandari yenye mkondo, upepo umekata, mtasali lugha zote.

Mama Nanga
Kusi, upepo ukikata unatia nanga unangoja. Haraka ya wapi?

Kusi Kali
Haraka ya mwamba ulio nyuma yangu, dada.

Ngama
Wangu simtaji, yu hai na ana wafuasi wengi. Gari niliuza kwa maneno yake. Siku nikamkuta gatini, akasema anatafuta mtu wa zamu hadi bandari inayofuata. Sikulala kwa furaha.

Usiku wa manane, zamu yangu, upepo ukaruka na mawimbi yakaanza kupanda shetri, nyuma ya boti. Tanga kubwa lote liko juu. Namwita, kimya. Nikapiga kelele. Akatoka peku, taa ya kichwani imekaa upande, ameishika ngazi kwa mikono miwili. Akaniuliza kamba ya kupunguzia tanga iko wapi. Wakuu, kwenye boti YAKE! Palepale wimbi likatugeuza ubavu, tanga likapiga upande wa pili, boriti yake ikapita juu ya utosi wake, kidogo tu imchukue. Akakaa chini, hakuinuka tena.

Nikafunga usukani, nikajifunga kamba ya usalama, nikatambaa hadi mlingotini. Tanga nimelitua kwa kulikumbatia, kucha mbili zikabaki hukohuko. Alfajiri bahari ikalala. Jamaa akatoka amechana nywele, akawasha kamera, akasimulia tulivyoishinda dhoruba. "Tulivyo"!

Baharia Mkavu
Mtaje!!!

Kusi Kali
Mtaje tuache kumfuatilia.

Ngama
Simtaji.

Mzee wa Goshi
Hofu humshika yeyote, ila kamba za boti yako uzijue gizani. Msivunjike moyo, wa kweli wapo. Mimi nilimsikiliza Jeanne Socrates. Matanga kajifunza anakaribia miaka 50. Mwaka 2017 akaanguka toka kwenye ngazi akavunjika shingo, na mwaka 2019, akiwa na miaka 77, akamaliza kuzunguka dunia peke yake bila kusimama. Mnamuulizia kamba nani hapo?

Kijana wa Omo
Mimi Moitessier, mmoja wa wale tisa wa 1968, ila sikumuwahi, alifariki 1994. Mtu anaelekea kushinda, anaacha mbio, anashika njia ya Tahiti!

Mama Nanga
Na mkewe yuko nyumbani anamngoja. Huyo msimsifie mbele yangu.

Kijana wa Omo
Mama, ile ni falsafa.

Mama Nanga
Falsafa haibandiki chungu.

Baharia Mkavu
Ushauri wangu: shujaa wako mwone gatini, usipande boti yake.

Mzee wa Goshi
Panda, ila mchana, na umwambie apunguze tanga wewe ukitazama.

Kusi Kali
Au mfuate Kirsten Neuschäfer. Yuko katikati ya mbio za Golden Globe, za kuzunguka dunia peke yako, Novemba 2022, akakata kona kumwokoa mshindani mwenzake Tapio Lehtinen aliyezamiwa na boti, na bado mbio akashinda. Huyo hata usiku napanda.

Mshika Demani
Wakuu, turudi kwenye mada.

Baharia Mkavu
Mada ndiyo hiyo. Ngama, kucha ziliota?

Ngama
Moja. Na simtaji.