Mtambo wa kuchoma taka Dandora: maji yatatoka wapi?

Wadau, huu mpango wa stima ya megawati 45 pale jalala la Dandora, Nairobi, kila mtu anaongelea moshi na hatima ya wale wanaookota chupa na vyuma, sawa, lakini sijaona mtu ameuliza maji. Stima ya taka ni stima ya mvuke, unachoma taka, boila inachemka, mvuke unazungusha tabaini, halafu huo mvuke lazima upozwe ugeuke maji tena urudi kwenye boila. Ya boila yanazunguka humo humo, hayaishi sana. Shida ni ya kupoza, juu ukitumia ile minara ya kupoza, maji yanapaa hewani na hayarudi.

Piga hesabu ya haraka tu, tuseme lita mbili kwa kila uniti ya stima. Megawati 45 ni uniti 45,000 kwa saa, hiyo ni lita 90,000, yaani bowza tisa za lita elfu kumi kila saa, usiku na mchana. Na huku Eastlands tunaishi kwa rashoni, maji ya bwawa la Ndakaini yenyewe hayatutoshi!

Sisemi usijengwe. Nasema tuambiwe utapozwaje kabla hata ya kuuliza utagharimu ngapi.

—

Mkuu na yale maji meusi yanayotoka kwa jalala mvua ikinyesha yakiteremka Mto Nairobi, hayo si maji? Kule Addis Ababa jalala la Koshe liliporomoka Machi 2017 likaua watu zaidi ya 100. Mwaka uliofuata wakafungua mtambo wa Reppie hapo hapo, umeundwa kuchoma tani 1,400 kwa siku. Sisi tukae tu tukihesabu bowza?

—

Hapo kwa mto umenishika, kweli. Lakini kuna njia, unaweza kupoza kwa hewa, feni kubwa kubwa kama radieta ya lori. Ni ghali zaidi na feni zinakula sehemu ya stima yenyewe, na jua likiwaka sana nguvu inashuka, ila Nairobi si Mombasa, baridi yetu ya Julai kwa mara ya kwanza ingekuwa na faida. Ama tutumie maji taka yaliyosafishwa ya Ruai, si ni jirani tu. Kule Arizona jangwani mtambo wa nyuklia wa Palo Verde unapozwa na maji ya suweji miaka yote hii na bado unafanya kazi.

—

Mimi nauliza kwa nini tuchome. Taka zetu si kama za Ulaya, ni maganda ya ndizi na sukumawiki iliyooza kutoka soko la Marikiti, zimejaa maji mpaka zinachuruzika kwa lori, boila itapoteza joto kukausha hayo kwanza. Tenganisheni, mbichi ziende kwa biogesi, huko unyevu ndio unaotakiwa. Plastiki mtaongea baadaye.

—

Kutenganisha nani, kanjo? Huku kwetu lori lenyewe lapita likitaka.

—

Na hilo bomba la kutoka Ruai litalipwa na nani, juu bili yangu ishapanda na mfereji haujatoa tone tangu Jumanne