Acheni kutuuzia makopo mkayaita magazini

Wakuu, nimetoka renji (uwanja wa shabaha) sasa hivi, mikono bado inanuka mafuta na baruti, na hasira haijashuka. Wenye roho nyepesi piteni kushoto.

Nina bastola ya risasi za 9x19 ya kulengea shabaha, huu ni mwaka wa sita tuko pamoja. Ilikuja na magazini mbili za kiwandani, yaani vile visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye mpini. Miaka yote hiyo imekwama mara ambazo nahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mara mbili kati ya hizo ubovu ulikuwa wa risasi zenyewe. Sasa, magazini mbili kwa siku nzima ya mazoezi ni adhabu. Unapiga dakika moja, unajaza dakika tano, dole gumba linaota sugu. Nikaamua kuongeza nne.

Za kiwandani bei yake inauma, hilo sote tunalijua. Muuzaji akanitolea pakiti nyingine: "Mkuu, hizi ni zile zile, zinaingia bila shida, halafu zinabeba mbili zaidi." Risasi mbili zaidi kwa nusu ya bei. Nilijiona mjanja kweli.

Siku ya kwanza tu. Magazini ya kwanza, risasi ya tatu: slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele kila unapopiga, imerudi mbele kabla risasi haijapanda vya kutosha, ikapita juu ya kitako chake na kuikandamiza ubavuni. Bastola imebaki mdomo wazi. Ya pili ikaachia risasi mbili kwa mpigo, zote zinang'ang'ania mlango mmoja wa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kama abiria wa basi la mwisho. Ya tatu inapiga vizuri kiasi, ila ikiisha unabonyeza kitufe nayo inakuangalia tu, haidondoki mpaka uing'oe kwa mkono. Ya nne ndiyo iliyonikera kuliko zote, kwa sababu ya nne ni mnafiki. Risasi ya mwisho ikitoka, slaidi inatakiwa ibaki nyuma kukwambia huna kitu. Hii ikafunga kana kwamba bado kuna kazi. Nikalenga, nikavuta triga: tak.

Kwenye shabaha, tak ni aibu, watu watacheka. Mlinzi wa usiku aliyeuziwa kopo hilo hilo hatacheka.

Nikarudi kwa muuzaji. Sikilizeni majibu yake. Jibu la kwanza: "Zinahitaji kuzoea, piga piga kwanza zitalainika." Kuzoea nini? Magazini ni springi, bati na vipande viwili vya plastiki, siyo viatu vipya. Jibu la pili: "Badilisha aina ya risasi." Nilikuwa nimetumia boksi lile lile kwenye zile za kiwandani. Jibu la tatu ndilo lililonipandisha presha: "Labda unashika bastola kilegevu." Yaani miaka sita mkono wangu uko sawa, umelegea siku niliyonunua bidhaa yako!

Sawa. Nikasema nisibishane kwa mdomo. Nikazipaka rangi, namba 1 hadi 4, na zile mbili za kiwandani nikaziandika A na B. Risasi boksi moja, bastola imesafishwa, kila magazini risasi 100, nazipiga kwa zamu ili uchafu ukiongezeka uwaumize wote sawa. Nusu nimepiga mimi, nusu kapiga jamaa yangu mwenye viganja kama koleo, ili hoja ya mkono legevu ife kifo cha kawaida. A: sifuri. B: sifuri. Namba 1 imekwama mara 4. Namba 2 mara 7. Namba 3 mara moja, pamoja na ule ugonjwa wake wa kutodondoka. Namba 4 haikukwama, lakini ilishindwa kushika slaidi zaidi ya nusu ya safari. Na mkononi mwa jamaa zilikwama vile vile.

Halafu nikachukua kalipa, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo. Midomo ya A na B, yaani ile mikunjo miwili ya juu inayozuia risasi isiruke nje, inasoma sawasawa. Zile nne hakuna mbili zinazofanana! Namba 2 imepanuka kuliko namba 1 kwa karibu nusu milimita. Mtu anaweza kusema nusu milimita ni nini. Midomo hiyo ndiyo inayoamua risasi iachiwe lini na kwa pembe gani. Ikipanuka, risasi inaachiwa mapema, ndiyo maana namba 2 inatapika mbili mbili. Ikibana, slaidi inaivuta risasi kwa shida na kupoteza nguvu njiani.

Na hapa ndipo wauzaji wanaponikera, kwa sababu wao magazini wanaiona kama kopo la kubebea risasi. Hebu angalieni risasi ya 9x19 yenyewe. Ganda lake halijanyooka: kwa chini ni milimita 9.93, mdomoni ni 9.65. Zipange nyingi ubavu kwa ubavu, mstari haunyooki, unapinda kama ndizi. Sasa zipange safu mbili zinazopishana, halafu juu kabisa uzilazimishe ziwe safu moja zipite katikati ya midomo miwili. Huo mtindo ndio ulioiwezesha bastola ya Browning Hi-Power ya 1935 kubeba risasi 13 wakati wenzake wengi walikuwa kwenye 7 au 8, na haukuwa mchezo kuutengeneza. Halafu yote hayo springi iyapandishe juu katika ule muda mfupi slaidi inapokwenda nyuma na kurudi. Springi ikichelewa kidogo tu, slaidi haisubiri.

Zile "mbili zaidi" sasa. Bomba la magazini lina urefu ule ule, nimelipima. Nafasi ya risasi mbili imetoka wapi? Nilifungua kitako cha namba 1 nikaziweka springi kando kwa kando. Ya kiwandani ina mizunguko mingi kuliko hii. Na folowa, kile kipande kinachokaa chini ya risasi na kuzisukuma, wamekikata miguu. Folowa isiyo na miguu inayumba, ikiyumba risasi ya juu inainamisha pua, inagonga chini ya njia ya chemba badala ya kuingia. Kwa hiyo sikupewa risasi mbili za bure. Nilizilipia kwa springi na miguu ya folowa, ila hakuna aliyeniandikia hilo kwenye pakiti. Wenye bastola ya 1911 walikutana na kisa hiki zamani: bastola ilizaliwa na magazini ya risasi 7, watu wakataka 8 kwenye urefu ule ule, na mabishano yake hayajaisha mpaka leo.

Kabla hamjanirukia: najua kwamba si kila mbadala ni takataka. Mec-Gar ya Italia inatengeneza magazini tangu 1965, na viwanda kadhaa vya bastola vinanunua kwao. Unaweza kulipa bei ya "orijino" kumbe imetoka kwa fundi yule yule anayeuza kwa jina lake kwa bei nafuu. Kwa hiyo nembo ubavuni siyo dini yangu. Wala kiwanda hakina utakatifu: magazini za mwanzo za Glock zilikuwa zinavimba zikijazwa, hazidondoki zenyewe, mpaka walipozitia bati la chuma ndani pande zote. Tofauti ni kwamba wao waliona tatizo wakalirekebisha. Mimi nimeambiwa nina mkono legevu.

Na kisa cha M9 kila mnunuzi wa vitu hivi anapaswa kukijua. Jeshi la Marekani liliipitisha bastola hiyo ya Beretta 1985, risasi 15. Walipofika Irak baada ya 2003, zikaanza kukwama. Bastola zilikuwa zile zile, ila magazini za mkandarasi zilikuwa na rangi ngumu ya fosfeti ndani na nje, ya kukwaruza, kama masharti ya jeshi lenyewe yalivyotaka. Vumbi laini la jangwani likashika kwenye ule ukwaruzi, folowa ikawa inapanda kwa kujikokota. Suluhisho lilikuwa magazini zenye ngozi laini. Rangi tu, wakuu. Wala haikuwa midomo au springi. Leo mtu ananiuzia kitu kilichobadilishwa springi, folowa na midomo, ananiambia ni "zile zile".

Nimemwomba anirudishie hela. "Umeshatumia." Sasa ningejuaje ni mbovu bila kuitumia? Niisikilizishe ukutani?

Ninachotaka ni kidogo. Andikeni kwenye pakiti nani ametengeneza. Ukisema inafaa kwa bastola fulani, uwe umeipiga kwenye bastola hiyo, siyo umeichomeka dukani ikalia "klik" ukatabasamu. Na ikikwama ndani ya risasi mia za kwanza, pokea mzigo wako. Nanyi wenye viwanda, msicheke pembeni: kumuuzia mtu bastola ya maelfu ya risasi na magazini mbili, halafu ya tatu mkaiwekea bei kama mmechonga kwa dhahabu, ndiko kunakotusukuma kwa hawa.

Wenye uzoefu njooni na idadi. Magazini gani, bastola gani, risasi ngapi, imekwama mara ngapi. "Mimi yangu iko poa" ya mtu aliyepiga risasi ishirini tangu mwaka juzi haitusaidii.

NYONGEZA 1: Aliyesema ninyooshe midomo kwa koleo, asante, lakini nililipia magazini, sikulipia malighafi. Ukikunja wewe mwenyewe unapata kifaa cha tatu ambacho hata aliyekitengeneza hakijui.

NYONGEZA 2: Wanaosema niliziharibu kwa kuziacha zimejaa, hapana, zilikwama siku ile ile zimetoka kwenye pakiti. Na springi nzuri haichoshwi na kukaa imebanwa. Inachoshwa na kubanwa kupita uwezo wake, na kubanwa na kuachiwa mara nyingi. Hiyo ya kwanza ndiyo hasa springi inayofanyiwa ikichomekewa risasi mbili za ziada.

NYONGEZA 3: Muuzaji ameuona uzi. Amenitumia ujumbe kwamba atanipa magazini ya tano bure nikiufuta. Uzi haufutwi. Ila ya tano nitaichukua, nitaipaka namba 5, risasi 100 kama wenzake, matokeo nitaweka hapa hapa.