Tupeane uzoefu: mbwa mdogo ngozi kavu, manyoya hayang'ai. Mnamlisha nini?

Mleta mada
Wadau wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na majirani, leo tuongee bakuli la mbwa mdogo, yule wa kilo 4 hadi 7 anayelala ndani. Mba inamwagika kwenye kochi, manyoya yamekuwa kama fagio la chelewa. Ukiuliza anakula nini: ugali na supu. Nywele karibu zote ni protini, na ugali hauna protini ya kutosha wala mafuta. Leteni vipimo. "Mpe tu omena" haisaidii mtu. Kiasi gani, imepikwaje?

Mdau wa Kondele
Mbwa wa kilo 5, gramu 30 za omena kavu kwa siku, yaani konzi moja. Ile ya gorogoro pale Kibuye huja na mchanga kwa sababu huanikwa chini ufukweni. Ipepete, iloweke kwenye maji moto dakika 10, mwaga maji, kisha suuza mara 2 au 3 mpaka chini ya sufuria pasikwaruze. Chemsha dakika 15 bila chumvi wala kitunguu. Usikaange. Mifupa yake ni laini, mbwa anaila yote, na hapo anapata kalisi.

Nusa kabla ya kununua. Omena yenye harufu kali ya mafuta yaliyokaa sana imeshapoteza omega-3, yale mafuta ya samaki unayoyatafuta kwa ajili ya ngozi. Ile ya kusagia chakula cha kuku waachie kuku, mara nyingi ina mchanga mwingi na ukungu. Na mgongo wazi wa mbuta (sangara), yaani mifupa iliyobaki minofu ikishatolewa, ni mtamu, ila mifupa yake hukwama kooni: chemsha, nyofoa nyama, tupa mfupa.

Mdau wa Naka
Kabla ya omena, mba iko wapi? Ikijaa kiunoni karibu na mkia, shuku viroboto. Chukua kitana chenye meno ya karibu, chana hapo, gonga uchafu kwenye tishu nyeupe iliyolowa. Vidoa vyeusi vikigeuka vyekundu, hiyo ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto, na hakuna samaki atakayekusaidia. Kingo za masikio na viwiko vikitoa magaga na mbwa anajikuna usiku kucha, huo huenda ni upele. Mabaka ya duara yasiyo na nywele yanaweza kuwa mashilingi, ambayo hata watoto wa nyumbani huambukizwa. Hayo yote mwone daktari wa mifugo.

Mdau wa Milimani, Kisumu
Upande wa mafuta. Alizeti ina asidi ya linoleiki, ndiyo inayoleta mng'ao na kuzuia ngozi isipoteze maji. Nusu kijiko cha chai kwa siku kwa mbwa wa kilo 5, kimwagiwe juu ya chakula kilichopoa. Watu hukosea hapa: wanaona kijiko ni kidogo. Kijiko kizima cha chai ni kalori 40, na mbwa huyu kwa siku anahitaji kama 370 tu. Ukizidisha ananenepa, anaharisha, na mwenye bahati mbaya anavimba kongosho.

Mafuta ya samaki ya vidonge: cha miligramu 1,000 kwa kawaida kina EPA na DHA, ndizo omega-3 zenyewe, jumla miligramu 300. Kimoja kwa siku kinatosha. Wiki ya kwanza mpe siku moja, ruka moja. Choo kikilainika, rudi nyuma. Ukinunua, angalia isiwe mafuta ya ini la samaki. Yale yana vitamini A na D, na zikirundikana mwilini ni sumu.

Mleta mada
Na yai bichi? Wengi huapa kwalo.

Mdau wa Kakamega
Chemsha. Ute mbichi una avidini, inayokamata biotini, na biotini ndiyo vitamini ya ngozi. Moja lililoiva, mara 3 kwa wiki, basi.

Jingine ambalo watu hawalitaji ni zinki. Mahindi yana fitati inayoizuia isifyonzwe, na kalisi ikizidi inaizuia vilevile. Mbwa wa ugali akianza kuota magamba magumu kuzunguka macho, mdomo na kwenye nyayo, fikiria hilo. Kwa hiyo anayekula omena usimwongezee unga wa maganda ya mayai. Punguza ugali uwe theluthi ya bakuli, nyama au samaki nusu, iliyobaki boga au kiazi kitamu kilichochemshwa. Unga wenye ukungu usimpikie kamwe, sumukuvu huua mbwa kwa kuharibu ini. Mchuzi wa jana wenye kitunguu nao hapana, hata kikiwa kimeiva huvunja chembe nyekundu za damu.

Mdau wa Naka
Badilisha chakula polepole: robo mpya siku 2 au 3, halafu nusu, halafu robo tatu. Ngozi ya mbwa hujigeuza kwa takriban wiki 3, nywele huchukua muda zaidi, kwa hiyo usihukumu kabla ya wiki 8. Na sabuni ya vyombo iondoke bafuni. Kwa vumbi na ukavu wa Nakuru Januari na Februari, ukimwosha nayo kila Jumamosi unafuta kila tone uliloweka kwenye bakuli. Shampuu ya mbwa kutoka agroveti, mara moja kwa wiki 4, suuza mpaka maji yatoke safi.