Nilishinda bahati nasibu ya viza ya Marekani, rais akafunga mlango, mahakama ikafika mwaka ushaisha

Wakuu, leo nimeamka na hasira na sitamumunya maneno.

Kila uzi wa viza humu lazima atokee mtaalamu wa kusema "Marekani mahakama ziko huru, fungueni kesi". Mnikome! Mimi ni mshindi wa bahati nasibu ya viza ya 2020, ile kura ya serikali ya Marekani ya kupata viza ya kuhamia huko. Nilishinda kweli, si zile meseji za matapeli. Nikahangaikia cheti cha polisi, vidole kumi vyote wino, nikapima afya, nikapigwa picha ya kifua. Tarehe 31 Januari 2020 Trump akasaini tangazo: Tanzania na Sudan, bahati nasibu marufuku. Viza ya kutembea hakuigusa, ya kusoma hakuigusa. Ikafungwa hiyo ya sisi makapuku tusio na shangazi Texas.

Machi nikaenda dirishani hivyohivyo, maana miadi ilikuwepo. Wakapokea kwanza dola zangu 330, risiti ikatoka fasta. Ndipo dada akanisukumia karatasi chini ya kioo: umekataliwa. Hela hairudi.

Sasa leteni hizo mahakama zenu. 2017 Jaji Robart wa Seattle alisimamisha lile zuio la kwanza la Trump, la watu wa nchi saba kuingia Marekani, Trump akamwita eti "anayejiita jaji". Tukashangilia wee. Wenzetu wakaandika upya, likakwama, wakaandika tena, na 26 Juni 2018 Mahakama ya Juu ikasema, kwa kura 5 dhidi ya 4, rais anayo mamlaka hayo. Zuio la kwetu likaja kukaa juu ya hukumu hiyohiyo. Nani angelitikisa?

Biden akalifuta siku anaapishwa, 20 Januari 2021. Ahsante, ila ushindi wangu ulishakufa 30 Septemba 2020, mwaka wa serikali yao unapofungwa. Vitu hivi vina tarehe ya kuharibika kama mtindi. Jaji Amit Mehta wa Washington akaamuru maelfu ya viza za washindi waliokwama ziwekwe akiba. Serikali ya huyohuyo Biden (ndiyo, huyo mnayemlilia) ikakata rufaa, na Juni 2024 mahakama ya rufaa ikatengua: mwaka ukishafungwa, jaji hawezi kuamuru viza itolewe. Yaani wakuzungushe tu mpaka saa sita usiku wa mwisho wa Septemba, wameshinda. Hata kama walikuonea!

Na Desemba 2025 Trump katurudisha kwenye orodha ya zuio, safari hii hadi viza za kusoma na za kutembea, kuanzia 1 Januari 2026. Kijana wa dada yangu kapata chuo huko. Jana usiku kaniandikia, "Mjomba, nasikia kuna kesi, nisubiri?"

Meseji nimeisoma. Sijamjibu mpaka sasa.