Mrejesho: printa ya ofisi iliyopotea kila stima ikirudi

Ndugu zangu, shukrani sana. Niliuliza kwa nini printa yetu hapa Kilindini huonyesha oflaini kila stima ikikatika na kurudi, ilhali taa zinawaka na waya umechomekwa. Aliyeniambia nichapishe ukurasa wa mipangilio alinifungua macho: anwani ya printa kwenye mtandao (IP) ilikuwa 192.168.1.27, kompyuta zingali zikituma kazi kwa anwani yake ya zamani, 192.168.1.14! Ruta yetu, kifaa kinachogawa anwani hizo, ikizimika husahau orodha ya ilizogawa, ikagawa anwani upya. Nimeitengea printa anwani moja ndani ya ruta kwa MAC yake (namba ya kudumu ya kifaa), na kwenye Windows nikaunda poti ya TCP/IP (njia ya kutuma kazi moja kwa moja kwa anwani hiyo), namba 9100, badala ya WSD, njia ambayo Windows huitafuta printa yenyewe. Juzi stima ilipotea tena, ikarudi, fomu za forodha zikatoka vizuri. Kompyuta ya mhasibu pekee ilikuwa na foleni iliyokwama; nikaizima spula (huduma ya Windows inayopanga kazi za kuchapisha), nikafuta kazi za zamani, nikaiwasha.